Mpishi wa Kambi ya Ndege

Gaithersburg, Maryland
20 Januari 2024

Kwa Baba Mdogo, Mwalimu Leonard Gitau,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi isiyo na adabu. Natumai umeamka salama, na kwamba sikio lako la kushoto bado linashika mambo mawili matatu, maana la kulia tulishalisamehe. Sisi hatujambo. Wambura ameingia darasa la tisa. Kiswahili anakisikia chote, lakini nikimsemesha ananijibu kwa Kiingereza, na nikimkaripia ndiyo anazidi. Theluji ilianguka wiki nzima na nilichukua saa mbili kufika kazini, mahali pa dakika ishirini. Kazi ya hospitali inaendelea vizuri, Mungu asifiwe. Miwani niliyokutumia Krismasi natumai ilifika bila kuvunjika.

Sasa nina neno. Jumapili iliyopita lilisomwa tangazo kanisani kwetu. Kuna chama huko Alexandria, mji wa jirani na hapa kwetu Marekani, cha watu ambao baba zao na babu zao walifundishwa urubani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, pale kwetu Nanyuki, katika ile kambi mnayoiita Kambi ya Ndege. Wanatengeneza bamba la shaba la kuwakumbuka waliotumikia kambi hiyo, na litawekwa kwenye bustani ya ukumbi wao. Mwanzoni walitaka kuandika marubani na walimu wao peke yao. Katibu wao, mama mmoja mzee anayeitwa Rosemary, akauliza mkutanoni kama ndege zilikuwa zikijijaza mafuta zenyewe. Wakaona aibu, wakakubali majina ya Waafrika yaingie. Ila kuna masharti: kila jina lipelekwe na jamaa, na jamaa aeleze mtu wake alifanya kazi gani. Fomu zinafungwa tarehe 31 Machi.

Najua Babu alifanya kazi kambini. Ni hilo tu ninalolijua. Baba alikufa bila kuniambia zaidi, na wewe kila nilipokuuliza nikiwa mdogo ulinituma dukani. Sasa nimekuwa mkubwa na duka liko mbali. Naomba jina lake kamili, miaka aliyokuwa pale, na kazi aliyoifanya. Nataka jina la Babu liwe kwenye lile bamba, Baba Mdogo. Nimeishi nchi hii miaka kumi na mitano na sijaona mahali palipoandikwa kwamba watu wetu waliwahi kuwasaidia hawa watu kwa lolote.

Wako,
Waringa

*

Nanyuki
22 Februari 2024

Kwa Mama yangu Waringa,

Barua yako ilifika tarehe 12, nami nimeisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, mazoea hayana tiba. "Nilichukua saa mbili kufika" ni Kiingereza kilichovaa kanga. Sema "nilitumia saa mbili." Mengine nimeyasamehe. Nafurahi kwamba bado unaandika kwenye karatasi, kwa sababu simu kwangu ni kelele tu. Mtu ananipigia, nasikia kama maharagwe yanachemka, namwambia asante, kumbe alikuwa akiniarifu kuhusu msiba.

Miwani ilifika. Makena, mkaza mwanangu, anasema nimekuwa kama diwani. Sasa naona hata vumbi ambalo zamani sikulijua, na yeye halifurahii jambo hilo. Viazi amevipanda, mvua bado inafikiria. Fundi wa lango amekuja mara tatu, na mara zote tatu amepima. Nilimwuliza kama lango linakua. Mwambie Wambura kwamba babu yake anamsalimu, na akijibu kwa Kiingereza mwambie sikusikia, sikio bovu.

Watu hapa bado wanashangaa nikikuita Mama. Vijana wa siku hizi hawajui kwamba mtoto akipewa jina la bibi yake, basi yeye ndiye bibi yake. Uliitwa Waringa kwa jina la mama aliyenizaa, nami mama yangu sitamwita mwanangu.

Kuhusu ulilouliza. Jina: Mugo wa Njau. Miaka: 1942 hadi 1944. Kazi: mpishi. Andika mpishi. Sina la kuongeza.

Mwanao,
L. Gitau

*

Gaithersburg
6 Aprili 2024

Baba Mdogo mpendwa,

Salamu zangu na za Wambura. Tumepona mafua, maua yametoka kila mahali na watu wanayapiga picha kana kwamba hayakutoka mwaka jana. Nimefurahi kusikia habari za miwani. Lango nimelicheka mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini.

Kicheko kimeishia hapo. Nilipeleka fomu siku ileile barua yako ilipofika: Mugo wa Njau, 1942 hadi 1944, mpishi. Baada ya siku kumi Bi Rosemary akaniandikia. Anasema orodha ya jikoni ya kambi hiyo ipo, imesalimika nzima, ina wapishi kumi na wanane na majina ya baba zao. Hakuna Mugo. Hakuna hata anayekaribia Mugo.

Lakini kuna karatasi nyingine, ya watu saba walioitwa kikosi cha ajali. Hawa waliandikwa jina mojamoja tu, kama watu wanavyoita mbuzi. Wa tano ni Mugo. Bi Rosemary ameuliza kwa upole kama huenda familia imechanganya. Amenifungulia mlango mpaka tarehe 31 Julai, kwa sababu ana huruma, lakini amesema kinachotakiwa ni neno la mzee wa familia, kwa maandishi na kwa sahihi yake. Neno langu mimi halitoshi. Nilizaliwa juzi.

Halafu nikakutana na Kipchumba kanisani. Huyu ni jamaa wa Eldoret, anaendesha teksi Alexandria, babu yake alikuwa mlinzi wa lango la kambi. Akaniambia, "Sister, mbona unajistress? Mimi niliandika watchman, wakani-approve wiki hiyo hiyo. Andika tu kitu, hao hawawezi know." Nilimjibu kwamba mimi siandiki tu kitu. Lakini nilipofika nyumbani nikajiuliza kama sikuwa nimefanya hivyo hivyo.

Basi nakuuliza waziwazi. Babu alikuwa mpishi, au alikuwa katika kikosi hicho? Na kama alikuwa katika kikosi, kuna ubaya gani kusema? Naomba unijibu upesi. Barua zinatembea mwezi mzima kama zinakuja kwa miguu.

Wako,
Waringa

*

Nanyuki
9 Mei 2024

Kwa Mama Waringa,

Nimepokea barua yako. Hatujambo. Mvua ilikuja kwa pupa ikang'oa viazi ambavyo ilikuwa imekataa kuviotesha. Shule ya msingi imepoteza mabati kumi na wakaniita kwenye mkutano, nikasikia nusu, nikaipigia makofi nusu hiyo. Fundi wa lango amehama, ameacha vipimo.

Kina Mugo ni wengi. Hapa kwetu ukirusha jiwe linampata Mugo. Baba yangu alikuwa mpishi. Wazee wote wa hapa waliambiwa hivyo, mimi niliambiwa hivyo, na wewe umeambiwa hivyo. Kama wazungu wa Alexandria wanalijua jiko la Nanyuki kuliko sisi, basi waandike wanavyotaka.

Usiniulize tena jambo hili.

L. Gitau

*

Gaithersburg
2 Juni 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Wambura amefunga shule na alama zake ni nzuri, ila hesabu. Joto limeanza. Nakusalimu kwa heshima zote, halafu naomba uniruhusu nikasirike.

Hukuandika kwamba hakuwa katika kikosi. Nimeisoma barua yako mara nne. Uliandika kwamba wazee waliambiwa, wewe uliambiwa, mimi niliambiwa. Umenifundisha wewe mwenyewe kwamba kuambiwa jambo si sawa na kulijua. Siwezi kuamini kwamba mwalimu aliyenitandika kwa kukosea upatanisho wa ngeli anaweza kuniandikia barua ya namna hii na kuona nitaimeza.

Nilimwomba Bi Rosemary anitumie nakala ya ile karatasi. Imeandikwa na afisa wa kambi. Anasema ndege zilianguka mara kwa mara, maana waliozirusha walikuwa ndio kwanza wanajifunza. Wengi walikuwa vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini. Ikianguka, hawa saba walikuwa wakikimbia na mablanketi na mashoka. Moto ukizimwa wanaingia, wanawatoa. Afisa anasema wenzake walijaribu kazi hiyo, wakatapika, wakaomba wahamishwe. Hawa saba hawakuomba kuhamishwa, au waliomba na hakuandika. Anasema pia kwamba walikuwa wakiwaosha nyuso kabla ya kuwafunika, ingawa hakuna aliyewaamuru.

Basi nimekaa na karatasi hiyo na nimeona ni lazima nikuambie jambo langu, kwa kuwa siwezi kukudai ukweli nikiwa nimeukalia wangu.

Mimi si nesi, Baba Mdogo. Sijawahi kufanya kazi hospitalini. Nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Nawalisha, nawageuza kitandani, nawabadilisha nguo, na wakifa mimi ndiye huwaosha, kabla watu wa mazishi hawajaja na gari lao. Wenzangu wengine huogopa, kwa hiyo huniita mimi. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na mitatu. Nawaosha uso kwanza. Hakuna aliyeniamuru.

Sikuwaambia kwa sababu najua mambo ya nyumbani. Nakumbuka Baba alivyokataa kumpa mkono yule mzee wa mochari ya Nyeri, akasingizia kwamba mkono wake una matope. Nilijua mkisikia, kuna watakaoanza kuzipeleleza nguo ninazowatumia. Lakini sasa nimesema langu. Kwa mikono hii hii nilikuchagulia miwani.

Sema lako. Siku zimebaki chache.

Waringa

*

Gaithersburg
21 Julai 2024

Baba Mdogo,

Salamu. Hii ni fupi, naituma kwa mkono wa mama Chepkirui anayesafiri kesho, ili usiseme posta ilichelewa.

Nilimpigia Makena. Alisema barua yangu ilifika tarehe 28 Juni, ukaisoma mara mbili, ukaiweka ndani ya Biblia, ukatoka kwenda shambani bila jembe. Tangu siku hiyo huzungumzi ila kuomba chai. Halafu Makena, ambaye hakuijua maana ya alichokuwa akikisema, akanieleza kwamba umeivua miwani niliyokutumia, na umerudia ile ya zamani iliyofungwa kwa uzi.

Nimeelewa. Siwezi kusema haikuniuma. Nililia kwenye gari kazini, kisha nikaingia nikafanya kazi yangu.

Kesho kutwa nitamwandikia Bi Rosemary kwamba mzee wa familia amesema mpishi, na fomu ibaki ilivyo. Amekubali kulichukua neno la familia, hata kama orodha ya jikoni haisemi hivyo. Ni mtu mwema. Nami nimechoka kupigania mtu ambaye mwanawe mwenyewe hamtaki.

Waringa

*

Nanyuki
11 Agosti 2024

Kwa Waringa,

Mama Chepkirui alileta barua yako jana, akaketi, akanywa chai, akaongea sana. Sikusikia hata neno moja, nami nilishukuru. Makena hajambo. Viazi vimekuwa vichache.

Miwani sikuivua kwa sababu unayoifikiria. Niliivua kwa kuwa nikiivaa naweza kuisoma barua yako. Leo nimeivaa tangu asubuhi, na naandika nikiwa nayo.

Baba yangu hakuwa mpishi. Alikuwa katika kikosi cha ajali, miaka miwili. Huyo Mugo wa tano ni wetu.

Kwa desturi yetu, mtu aliyegusa maiti alikuwa na thahu, uchafu wa mwiko. Hakula na watu wala hakuingia nyumbani mpaka atakaswe na mganga, kwa mbuzi. Aliyegusa mmoja alitakaswa akarudi. Baba yangu hakuwa amegusa mmoja. Aliporudi mwaka 1944 habari zilikuwa zimemtangulia, na mama alimngoja mlangoni. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, haya niliambiwa na yeye mwenyewe, bila kujuta. Alisema, "Mikono hiyo haiingii katika nyumba yangu mpaka mbuzi achinjwe."

Baba akakubali achinjwe. Lakini alikuwa amebatizwa kambini, na wazee wa kanisa wakasikia. Wakamwita, wakamwambia kwamba akimchinja mbuzi wa mganga watamtenga, na watoto wake hawatasoma katika shule ya misheni. Shule zilikuwa hizo tu. Kanisa lilikataa mbuzi, mama alikataa mtu bila mbuzi. Kila upande ulijua kwamba ndio wenye haki, na hakuna aliyemwuliza yeye. Kaka yangu Njau, baba yako, na mimi tukasoma. Huyo unayemwita mwalimu alinunuliwa kwa mbuzi ambaye hakuchinjwa.

Akajenga kibanda karibu na ua. Alikuwa na sufuria yake na kikombe chake. Hata miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipotukusanya kijijini kwa nguvu, alijenga mwisho kabisa wa mstari. Wageni wakiuliza kwa nini mzee anakaa peke yake, tuliwaambia ni mambo ya wazee. Wakiuliza alifanya nini vitani, tuliwaambia alikuwa mpishi. Tulichagua kazi hiyo kwa sababu ilikuwa safi. Tukamwita mpishi mtu ambaye hakuna aliyekula naye kwa miaka thelathini.

Mara moja tu alinieleza. Ilikuwa 1963, nimerudi kutoka chuo cha ualimu, nimempelekea gazeti. Alisema wengine walikuwa bado hai alipowafikia, na waliwaita mama zao. Lugha hakuijua vizuri, lakini neno hilo alilijua, na alikuwa akiwaitikia. Mimi nilimwuliza kama angependa nimsomee habari za uchaguzi. Nimekuwa nikiisikia sauti yangu ikimwuliza hivyo tangu siku hiyo, na kwa sauti hiyo masikio yangu ni mazima kabisa.

Alikufa 1974. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, nina cheti, nimevaa tai. Nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba ushirikina ni adui wa maendeleo. Hatukumgusa. Mimi na Njau tulisimama karibu na ua, na watu wanne wa kanisa jingine, watu wasiotujua, wakaingia wakamtoa. Mimi nilishika kofia yake, kwa kuwa mmoja wao alinipa nami sikuwa na la kufanya. Yeye aliyewabeba wana wa watu wasiomjua, wanawe wawili walishindwa kumbeba hatua ishirini. Ndiyo sababu Njau hakukuambia. Ndiyo sababu nilikutuma dukani.

Na kuna hili. Mama alikufa wewe ukiwa mtoto wa miaka miwili, umeshapewa jina lake. Nimekuita Mama miaka arobaini na sita. Ningekaaje mbele yako nikuambie kwamba wewe ndiye uliyemfungia mlango?

Ulipoandika kwamba unawaosha, na kwamba unaanza na uso, nilikwenda shambani kwa kuwa sikutaka Makena anione. Sikuona uchafu, Waringa. Nilimwona yeye.

Waambie waandike: Mugo wa Njau, kikosi cha ajali. Nimetia sahihi hapa chini na Makena ameshuhudia. Kama muda umepita, waambie kosa ni la mwalimu aliyechelewesha karatasi.

Leonard Gitau Mugo

*

Gaithersburg
12 Novemba 2024

Baba Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu, safari hii kosa ni langu. Sote wazima. Wambura amepata kazi ya Jumamosi kwenye maktaba na anajiona mkubwa. Baridi imerudi. Nilitaka kwanza mambo yaishe ndipo nikueleze, kwa sababu barua yako ilifika tarehe 17 Septemba na sikujua niweke wapi hasira zangu.

Nilimpigia Bi Rosemary asubuhi hiyo hiyo nikiwa kwenye maegesho ya kazini. Akaniambia bamba lilikwenda kiwandani mwezi wa nane. Shaba ikishamiminwa haifutwi. Nikamwuliza kuhusu karatasi za sherehe, akasema nazo zimechapishwa. Nilimfokea yule mama, ambaye hana kosa, mwenye miaka themanini. Nilikufokea na wewe, ingawa hukuwepo. Zaidi nilijifokea mimi, kwa kuwa niliandika mpishi nikijua, kwa sababu nilikuwa nimechoka na nilikuwa nimeumia. Wewe ulidanganya ukiwa umerithi. Mimi nilidanganya kwa kalamu yangu.

Basi bamba liko hivi. Mstari wa wapishi, wa mwisho kabisa: Mugo wa Njau. Chini zaidi, kikosi cha ajali, majina saba ambayo Bi Rosemary aliyaingiza mwenyewe kutoka kwenye ile karatasi, kwa kuwa hayakupata jamaa wa kuyapeleka. La tano: Mugo. Baba yako yumo mara mbili. Penye uongo ana jina la baba yake, na penye ukweli hana mtu.

Sherehe ilikuwa Jumamosi, tarehe 9. Tulipanda Metro mimi na Wambura mpaka Alexandria. Kulikuwa na viti bustanini, upepo, na watu kama sitini wamevaa makoti. Utaratibu ulikuwa kwamba Bi Rosemary anasoma jina na kazi, na jamaa anasimama, anasema yeye ni nani kwa mtu huyo. Marubani walichukua muda mrefu. Walikuwa na watoto, wajukuu, mmoja alikuwa na mjane wake kwenye kiti cha magurudumu. Kipchumba alisimama kwa babu yake mlinzi, amevaa suti, akakosea maneno akaanza upya, nikamsamehe yote aliyowahi kuniambia.

Ikafika zamu ya jikoni. "Mugo wa Njau, mpishi." Bi Rosemary akanitazama. Sikusimama. Wambura akanigusa, akaninong'oneza, "Mom, that's us." Nikamwambia si sisi. Bi Rosemary alingoja zaidi ya alivyongoja kwa wengine, kisha akaendelea, na nilihisi watu wananitazama kisogoni.

Kikosi cha ajali kilikuwa cha mwisho. Alisoma la kwanza, hakuna aliyesimama. La pili, hakuna. Ulikuwa ni upepo tu, na yeye anasoma majina yasiyo na baba, na watu wameanza kukunja karatasi zao kwa ajili ya chai. La tatu. La nne. Nilifikiri jinsi walivyokimbia na yale mablanketi.

"Mugo," akasema.

Nikasimama. Akaniuliza kwenye kipaza sauti mimi ni nani kwake. Nilikuwa nimejiandaa kusema ni mjukuu wake, na nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwa Kiingereza kwenye treni. Lakini nilipofungua kinywa haikuwa hilo. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo hata wewe ungeisikia:

"Mimi ni Waringa, mwenye nyumba. Mugo na aingie."

Bi Rosemary hakuelewa, akainamisha kichwa tu. Wambura alielewa neno moja moja na akanishika mkono, mkono huu huu.

Hayo ndiyo niliyoweza, Baba Mdogo. Shaba itabaki na uongo wake. Lakini wewe uko karibu naye kuliko mimi. Nenda kwenye kaburi lake, uvue kofia, uweke mkono wako juu ya udongo, umwambie kwamba mwenye nyumba amesema aingie. Na usimtume Makena.

Waringa